Viatu Nilivyomnunulia Mke Wangu

Nimewahi kumwonea wivu mke wangu. Sisemi wivu wa mapenzi, ule ambao mwanamume akiusimulia kijiweni wenzake wanatikisa kichwa na kumwagizia kahawa. Huo ningeuelewa. Wivu wangu ulikuwa wa miguu yake. Alikuwa ananishinda mbio, na mimi ndiye niliyemfundisha kukimbia, au ndivyo nilivyodhani.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mwanga, karibu na soko, na kazi yangu ni kukaa. Kwa miaka zaidi ya ishirini miguu yangu haikujua safari nyingine zaidi ya kukanyaga pedali. Halafu siku moja daktari akanipima presha, akaipima tena, akaniambia kwamba nikiendelea kukaa vile nitakuja kulala moja kwa moja. Niliogopa. Nikanunua raba za mtumba, nikaanza kukimbia alfajiri kutoka nyumbani kwetu Kasingirima. Siku ya kwanza nilifika msikitini tu, nikarudi kwa kutembea huku nimeshika ubavu.

Lakini nikaendelea, na mwili ukazoea, na nikaanza kujiona mtu. Kila mwaka hapa kwetu kuna mbio za hisani za kilomita kumi. Zinaanzia Ujiji, zinapanda Mwanga, zinateremka Kigoma mjini mpaka karibu na stesheni ya reli, na kinachochangwa kinanunua vitanda vya wodi ya wazazi. Mwaka wa kwanza nilitumia saa moja na dakika kumi na moja. Wa pili, saa moja na dakika sita. Wa tatu, saa moja na dakika mbili. Dakika mbili zile ziliniondolea raha mwaka mzima. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali nilimwambia kwamba safari hii nitamaliza ndani ya saa moja, na baadhi yao wakaanza kuniita Bwana Mbio. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Mke wangu ni mzaliwa wa Kagunga, kule juu mpakani na Burundi, na kazi yake ni dagaa. Anawanunua mwaloni Ujiji boti zinaporudi alfajiri, anawaanika, anawauza. Tangu nimwoe, saa ninayoamka mimi yeye ameshaondoka na beseni lake kichwani. Kwa hiyo serikali ilipofunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, ndipo kwa mara ya kwanza tukaamka pamoja. Alikaa wiki ya kwanza akifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Wiki ya pili aliniona nafunga kamba za raba.

“Baba, na mimi nitakusindikiza,” akasema. “Miguu inaniwasha.”

Nikacheka kwa upole, kama bwana mkubwa. Nikamwambia aje, ila asione haya akichoka, kila mtu alianza hivyo. Akavaa suruali ya kubana, juu yake akafunga kanga, miguuni malapa. Nikamweleza habari za pumzi: vuta kwa pua, toa kwa mdomo, usiongee njiani. Akaitikia kila neno. Halafu tukaanza kukimbia, na yeye akaanza kuongea.

Aliongea njia nzima. Alinisimulia ugomvi wa dada yake na mawifi zake, akanisimulia harusi iliyovunjika, akawasalimia watu wa barabarani wote, “Mwakeye! Mwakeye!”, akiwageukia na kupunga mkono. Mimi nilikuwa nahema. Aliponiuliza jambo niliitikia kwa kichwa. Tuliporudi nyumbani nilikaa kizingitini, jasho likinichuruzika mpaka kwenye masikio, naye akaenda moja kwa moja kuwasha mkaa.

“Ni kuzuri,” akasema. “Kumbe huwa unakwenda kutembea tu, na mimi nilidhani ni mbio.”

Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo anavyosema mambo. Lakini neno lile lilinifuata kibandani siku nzima, na suruali niliyoshona siku ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Mimi nilijiambia kwamba ni mbio za kijinga, mwili wa mgeni wa siku mbili, utachoka wenyewe. Haukuchoka. Asubuhi moja nilimwambia kila mtu aende kwa mwendo wake, tukutane kwenye kona ya kuingia Mwanga. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, nia yangu nimpite mapema ili nimngoje. Nilipofika kwenye kona nilimkuta amekaa juu ya tofali, anakula hindi la kuchoma. Alikuwa amelikata nusu, na nusu nyingine amenihifadhia.

Nililila hilo hindi. Lilikuwa chungu kwangu kuliko mwarobaini.

Jirani yetu ana kanga iliyoandikwa “Mwenye wivu ajinyonge”, na siku hizo kila nilipotoka nje niliikuta imeanikwa kwenye kamba, inanitazama. Niliona kama imeanikwa kwa ajili yangu. Nilianza kumchunguza mke wangu namna nisivyopaswa. Nilitazama vifundo vyake vya miguu. Nilisikiliza pumzi zake usingizini, nione kama anapumua tofauti na sisi wengine. Mwanamke ambaye hajawahi kuhesabu kilomita moja maishani mwake, hana saa, hana raba, na mimi nimetoka jasho miaka minne kwa ajili ya dakika mbili! Haikuwa haki, na mtu wa kumlaumu sikumwona isipokuwa yeye.

Wiki tatu kabla ya mbio akajiandikisha. Hakuniuliza. Alirudi na fulana ya washiriki mkononi, imemzidi mabega, akaniomba nimpunguzie. Nikaipunguza. Wanawake wenzake wa mwaloni waliokuja jioni ile walicheka mpaka wakashikana.

“Shemeji, safari hii utaona visigino vya mkeo tu!”

Nikacheka nao. Shemeji hutaniwa, na anayekasirika kwa utani ndiye anayeonekana mjinga. Lakini maneno “visigino vya mkeo” yalibaki nami baada ya wao kuondoka, na nadhani ndiyo yaliyonipa wazo.

Mtu yeyote wa Mwanga anayekimbia anajua kwamba kiatu kizuri cha mbio ni mtumba. Kimeshavaliwa na mtu mwingine huko kilikotoka, kimeshalegea, kimeshamaliza ukali wake kwenye mguu usiokuwa wako. Kiatu kipya cha dukani ni cha harusini na kanisani. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili nilijidai, nikakimbia na raba mpya, zikanichuna visigino mpaka wiki mbili navaa ndala kibandani. Kwa hiyo nilijua. Nataka lieleweke hilo: nilijua.

Siku mbili kabla ya mbio nilifunga kibanda mapema, nikaingia dukani, nikamnunulia mke wangu raba mpya, nyekundu, nyuma ngumu kama ubao. Zilikuwa saizi yake kamili, na saizi kamili kwenye mbio ni ndogo. Nilizibeba kwenye boksi lake, wazi, bila kuzifunika, nikapita nazo katikati ya soko. Wanawake wa mafungu ya nyanya wakaniuliza ni za nani. Nikasema ni za mama watoto. Wakapiga vigelegele. Mmoja akamwambia mwenzake, “Waume wa hivyo wamekwisha.”

Nyumbani mke wangu alizipokea kwa mikono miwili. Alizinusa. Akanitazama, akasema ahsante, akaziweka juu ya kabati kwenye boksi lake. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi kuliko mengine yote.

Asubuhi ya mbio alikaa kwenye kigoda uani, akazivaa. Alifunga kamba ya mguu wa kulia polepole, akaifungua, akaifunga upya. Akasimama, akakanyaga mara mbili tatu.

“Zinabana nyuma kidogo,” akasema. “Au ndivyo zilivyo?”

Malapa yake yalikuwa pale pale mlangoni. Hata raba zangu za zamani, zilizolegea, zingemfaa akijaza kitambaa mbele. Nilikuwa napasha miguu moto, sikumtazama usoni.

“Zitalegea njiani,” nikamwambia.

Tulianza jua lilipokuwa linachomoza nyuma ya vilima. Walikuwapo wanafunzi, askari, manesi, watumishi wa mashirika waliokuja na kofia zao, na wazee wachache wa umri wangu ambao nilishawapima kwa macho na kuwaona si tishio. Mke wangu alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilimsikia. Alikuwa anaongea na nesi mmoja kana kwamba wanachambua mchele. Kilomita ya kwanza nilimsikia, ya pili nilimsikia, ya tatu alikuja ubavuni kwangu, akaniambia, “Twende baba,” akanipita.

Nikamwona mgongo. Fulana niliyoipunguza mimi ilimkaa vizuri sana. Kila mtu barabarani alikuwa anamshangilia, kwa maana wanawake wa dagaa walikuwa wamejipanga kuanzia Ujiji mpaka juu, na mimi nilipita kwenye kelele zilizokwisha kupigwa kwa ajili yake. Nilimfuata. Sikuwahi kukimbia hivyo. Nilisahau pumzi, nilisahau pua na mdomo, nilitaka mgongo ule tu. Tukaanza kupanda Mwanga, na hapo nikaona kitu. Mguu wake wa kulia ulianza kukanyaga kwa upande.

Nilifurahi. Natamani niandike kwamba niliumia, lakini nilifurahi, na furaha ile ilinipandisha kilima. Hatua zake zikafupika. Kwenye kisigino, juu ya ukingo wa kiatu, soksi ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nilimpita mbele ya kibanda changu mwenyewe. Sikugeuka. Nilisikia jirani zangu wa kibandani wakipiga kelele, “Bwana Mbio!”, na kutoka pale mpaka stesheni ni mteremko, nikajimwaga.

Dakika hamsini na nane na sekunde arobaini na moja. Saa kubwa ya mezani pale kwenye utepe ilinionyesha, na msichana aliyekuwa anaandika akanionyesha kwenye karatasi, na bado nikamwomba aniambie kwa mdomo. Nikavishwa medali. Watu wakanishika mkono. Nilisimama pale ziwa likionekana chini, nikingoja furaha ile niliyoingoja mwaka mzima, na nadhani ilikuja, ila macho yangu hayakutulia. Yalikuwa yanatazama juu barabarani.

Mke wangu alimaliza kwa saa moja na dakika tano. Hakuzivua. Alikimbia mpaka mwisho, mdomo umefungwa, bila kumsalimia mtu. Alipovuka utepe alikaa chini, nesi akamvua viatu, na ngozi ya visigino vyote viwili ikatoka na soksi. Wanawake wakashtuka. Yeye akawa anawatuliza.

“Viatu vizuri, kanunua baba watoto,” akawaambia. “Miguu yangu ndiyo haijazoea vitu vya dukani.”

Wakanipigia vigelegele tena, mara ya pili kwa viatu vile vile.

Niliposhona siku zilizofuata wateja walikuja kunipongeza. Niliwaeleza jinsi nilivyopanda kilima, jinsi nilivyoteremka. Nikaacha jina la Bwana Mbio likue. Mke wangu nyumbani alikuwa anakaa na miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na mimi nilikuwa nambadilishia maji hayo asubuhi na jioni bila kuombwa, kwa bidii kubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee, na fundi wa nguo nilikuwa mimi.

Kitu nilichokuwa nimekisahau, kwa sababu hakikunihusu, ni kwamba ziwa lilikuwa linafunguliwa wiki ile ile.

Lazima nieleze mwaloni kwetu kunavyokuwa. Boti za dagaa zikirudi alfajiri hazifiki mpaka mchangani. Zinasimama kwenye maji, na wanawake wanazifuata. Sheria yao haijaandikwa popote, lakini sijasikia mtu akiivunja: anayegusa boti kwanza ndiye anayechagua kwanza. Anachukua dagaa wa juu, wazima, wanaong'aa. Wa pili anachukua baada yake. Wa mwisho anapata wa chini kabisa, waliopondwa na miguu ya wavuvi. Na siku ya ziwa kufunguliwa, baada ya miezi mitatu, ndiyo siku inayoangaliwa kuliko zote, maana wanunuzi wa mbali wanafika siku hiyo na wanamkumbuka aliyekuwa na mzigo mzuri. Mke wangu aliingoja siku ile miezi mitatu. Nilikuwa nimemsikia akiitaja, nikadhani ni mazungumzo.

Alfajiri ile alijaribu kusimama. Nesi alikuwa amemkataza kutia vidonda kwenye maji ya ziwa, na hata bila nesi, hakuweza kukanyaga mchanga. Akakaa tena kitandani. Akatazama beseni lake tupu pale ukutani.

“Nitakwenda mimi,” nikasema.

“Utaweza?”

“Hamsini na nane,” nikamwambia, eti namchekesha.

Wanawake waliponiona nateremka mchangani na beseni walipasuka kwa kicheko. “Shemeji, leo pia ni hisani?” Mmoja akaniuliza medali yangu iko wapi. Nikawajibu, nikajipanga nao kwenye mstari wa maji, nikakunja suruali. Nilijiamini. Wengi wao ni wanene, wana umri, wana kanga mbili mbili kiunoni.

Kisha boti ya kwanza ikaonekana, mtu akapiga kelele, na mstari ukakatika.

Sijui nieleze vipi. Nilipiga hatua tano nikiwa mbele, ya sita mchanga ukaniingia, ya saba nilikuwa kwenye maji ya magoti na miguu yangu ikawa si yangu. Beseni lilishika upepo likanivuta kando. Mama mmoja mwenye mvi alinipita huku ameshika beseni juu kwa mkono mmoja na kunisukuma kwa mwingine, bila chuki, kama mtu anavyosukuma mlango. Wakapita wote. Walikuwa wanakimbia na maji ya mapaja huku wanaitana na kucheka, wakiongea, na hawakuhema. Nikajikwaa, nikameza ziwa. Nilipofika kwenye boti walikuwa wamekwisha kupanga zamu, na ya kwangu ilikuwa ya mwisho.

Yule mama mwenye mvi ndiye aliyegusa kwanza. Alipokuwa anachota aliniangalia, akaniambia, “Mimi leo nimegusa kwa sababu mkeo hayupo. Akiwapo, mie huwa namkuta ameshajaza beseni la pili. Miaka kumi na minne hiyo.”

Miaka kumi na minne, kila alfajiri, kwenye maji, na beseni. Nami nilikuwa nimemfundisha kuvuta kwa pua.

Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kifuani, na beseni ambalo nusu yake ilikuwa tope na magamba. Mke wangu alitia mkono ndani, akawageuza dagaa kwa vidole. Hapakuwa na wa kuanika. Pengine wa kuku.

“Ulikuwa wa ngapi?” akauliza.

“Wa mwisho.”

Nilitegemea acheke, nami nilitaka acheke. Hakucheka. Nikaona sina tena mahali pa kusimama, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikasema, “Zile raba. Nilijua zitakuchuna. Nilijua tangu dukani.”

Alichukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

“Na mimi nilijua,” akasema. “Huko nyuma si nilikukanda visigino wiki mbili? Nani hajui viatu vipya?”

“Sasa kwa nini ulivaa?”

“Nilikaa pale kwenye kigoda nafunga kamba, nafungua, nafunga. Nikakuuliza kabisa.” Alinitazama usoni, akaendelea kwa sauti yake ya kila siku. “Nilikuwa nakungoja uniambie nivue.”